Nambari Nyeusi, Nambari Nyekundu: Siku Zangu Tatu Genova

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimekulia kwenye vichochoro ambavyo mkokoteni ukipita, sharti ujibanze mlangoni mwa jirani. Ndiyo maana shoga yangu aliponionya nisiende Genova, mji wa bandari kule Italia, peke yangu, eti vichochoro vyake hupoteza watu, nilimcheka. Kichochoro gani cha kunishinda mimi?

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Kilindini, na mwajiri wangu alinipeleka Milano kwa mafunzo ya siku tano kuhusu mambo ya forodha. Viza ndiyo iliyonitoa jasho: ada ya yuro 90, bima ya safari ya kugharimia matibabu hadi yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko, na ushahidi wa kila mahali utakapolala. Nikajiambia, nilipe yote haya halafu nirudi nyumbani bila kuiona bahari yao? Nikaomba siku tatu za ziada na kuziingiza kwenye maombi tangu mwanzo, pamoja na chumba cha Genova. Hilo nililifanya sawa, na kwa muda mrefu ndilo pekee nililolifanya sawa. Anayetaka kujiongezea siku baada ya kazi aziombe mapema, kwa sababu viza ile huja na hesabu ya siku. Ukipewa nane ni nane, huwezi kwenda kubembeleza ya tisa.

Niliondoka Milano Jumapili jioni, mwezi wa Novemba, kwa treni ya kawaida inayochukua karibu saa mbili. Nauli ilikuwa kama yuro 14. Karibu na mwisho wa safari treni huteremka bonde la mto Polcevera na kupita chini ya daraja refu jeupe. Hapo ndipo lilipokuwa daraja la Morandi, lililoporomoka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43. Hili jipya lilichorwa na Renzo Piano, mwenyeji wa Genova, na likafunguliwa Agosti 2020. Abiria aliyekaa mbele yangu aliinua macho tulipopita chini yake, akayashusha. Hakusema kitu, nami sikuuliza.

Spika ikataja "Genova", nikashuka. Kosa la kwanza. Mji huu una stesheni nyingi, na karibu zote huanza na jina hilohilo. Nilikuwa nimeshuka Sampierdarena, mtaa wa viwanda na maghala, giza limeingia na mvua inanyunya. Nikasubiri treni nyingine dakika ishirini na tano huku nikijitukana kimoyomoyo. Kwa mji wa kale shuka Piazza Principe. Upande wa mashariki, kwenye mitaa mipana zaidi, shuka Brignole. Soma jina lote, si nusu.

Kosa la pili lilikuwa na magurudumu. Nilikuwa na sanduku kubwa, limejaa makabrasha ya mafunzo na zawadi za wifi zangu, na chumba nilichokodi kilikuwa ndani kabisa ya mji wa kale, mahali gari halifiki. Kwenye ramani ya simu ilikuwa dakika kumi na mbili kwa miguu. Ramani haikusema kwamba njia hupanda, hushuka, hupanda tena kwa ngazi, na kwamba mawe ya chini yamesuguliwa na karne za viatu hadi yanateleza kama sabuni yakilowa. Gurudumu moja lilikatika kwenye ngazi ya tatu. Lililobaki likawa linalia kama paka, na kila niliyepishana naye aligeuka kunitazama.

Ndipo nikaingia kwenye vichochoro vyenyewe. Wagenova huviita *caruggi*. Nilidhani nitakuta Mji wa Kale wetu uliohamia Ulaya. Upana ni uleule, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Lakini kwetu nyumba ni ghorofa mbili tatu na juu unaona mbingu. Pale nyumba ni ghorofa sita, saba, na mbingu ni uzi tu. Setilaiti haziioni simu yako huko chini. Kile kinukta cha buluu kilinirusha mtaa wa pili, kikanirudisha, kikanitupa baharini.

Nikafika mlango wa nambari 14, kama nilivyoandikiwa. Ilikuwa duka lililofungwa. Nikapiga simu kwa mwenye chumba, haikupokewa. Nikazunguka, nikarudi palepale. Wanawake wawili walikuwa wamesimama kwenye mlango wa pili, na visketi vifupi katika baridi ile. Kazi yao haikuhitaji kuelezwa. Mmoja akanitazama, akaitazama simu yangu, akasema: "Nero. Nero!"

Kitaliano changu ni cha kuhesabu, lakini neno hilo nililijua: -eusi. Damu ikanichemka. Usiku, mvua, sanduku limevunjika, na sasa haya? Nikamjibu kwa Kiswahili maneno ambayo mama yangu akisoma hapa hatayaona. Yule dada hakukasirika. Alicheka, akanishika mkono wa koti, akaninyooshea kidole juu ya mlango wa duka. Kibao kidogo, nambari 14, kwa rangi nyekundu. Akanivuta hatua kama ishirini mbele, akaninyooshea kibao kingine. Nambari 14, nyeusi.

Nawaandikia jambo hili kwa sababu hakuna aliyeniandikia mimi. Genova ina hesabu mbili za nambari katika mtaa mmoja: nyekundu ni za maduka na biashara, nyeusi ni za nyumba za watu. Nyekundu mara nyingi huandikwa na herufi r mwishoni. Ukipewa anwani, uliza kabisa ni ipi. Nami namdai yule dada radhi, maana sikujua hata kuomba msamaha kwa lugha yake. Nilisema "grazie" kama mara kumi nikaingia ndani.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tano, hakuna lifti. Ngazi ni za mawe meusi ya ardesia, yale yanayochimbwa milima ya pwani ileile, na kila ngazi imelika katikati ikafanya bonde dogo. Nililibeba sanduku kichwani ghorofa mbili za mwisho. Chumba chenyewe kizuri, safi, yuro 65 kwa usiku, na juu yake kodi ya jiji inayolipwa kwa taslimu. Nililala bila kula.

Jumatatu niliamka na orodha. Nilikuwa nimeandika mambo kumi na moja ya kuona siku hiyo. Kwanza nikaenda Via Garibaldi, mtaa wa majumba ya matajiri wa zamani, nikaukuta mlango wa Palazzo Rosso umefungwa. Palazzo Bianco, hivyohivyo. Majumba yale ya makumbusho hufungwa Jumatatu, jambo lililoandikwa wazi ambalo nilipaswa kulisoma nikiwa bado Mombasa. Nikapanda basi kuelekea Boccadasse, kijiji cha wavuvi kilichomezwa na jiji. Tiketi ya karatasi nilinunua, nikaikunja vizuri, nikaitia kwenye pochi. Mkaguzi akapanda. Nikampa tiketi kwa kujiamini kabisa. Akaigeuza, akanionyesha: haina muhuri. Tiketi isiyopigwa muhuri kwenye kile kimashine cha ndani ya basi ni sawa na kutokuwa na tiketi. Nilijieleza kwa Kiingereza, kwa mikono, kwa macho. Faini ilikuwa yuro arobaini na kitu, nikalipa palepale. Nilishuka kituo kilichofuata, nikakaa kwenye benchi, na nitasema kweli, nililia. Arobaini ile nilikuwa nimeitenga kwa zawadi ya mama.

Boccadasse sikufika. Nilirudi kwa miguu kutafuta sanduku jipya, na sanduku ndilo lililoniokoa.

Mtu akitaka vitu vya bei nafuu huambiwa aende Via di Prè, mtaa mwembamba unaoanza karibu na stesheni ya Principe. Kuna bucha za halali, saluni za Wasenegali, maduka ya simu ya Wabangladeshi, vyakula vya watu wa Ekwado, na Wamaghribi wanaosubiri meli za Tunisia na Moroko. Wageni wengi wanaogopeshwa na mtaa huo. Mchana mimi niliuona kama Marikiti. Usiku ni habari nyingine, sikurudi peke yangu na sikushauri. Nilikuwa nabishana na mama kwenye simu kuhusu bei ya sanduku (yuro 35, yeye aliona nimeibiwa) nikasikia nyuma yangu: "Mwanangu, mama ni mkweli, mwambie huyu akupunguzie."

Mzee mwenye kofia ya kusuka na koti zito. Mtu wa Barawa, kule pwani ya Somalia wanakosema Chimwini, lugha ambayo ukisikiliza kwa utulivu unajikuta unamwelewa bibi yako. Italia alikuwa ameishi zaidi ya miaka thelathini. Nikamwamkia, nikamwita ami, na sanduku likashuka likawa yuro 28.

Nilimweleza yote: stesheni, nambari, basi, ramani. Hakunionea huruma hata kidogo. "Huku hutembei kwa ramani," akasema. "Unatembea kwa mteremko. Ukipotea, shuka. Popote unaposhuka, mwisho ni bandari. Ukitaka kujua ulipotoka, panda."

Akanipeleka kula, maana ilikuwa saa tisa alasiri na mikahawa yote niliyopita ilikuwa imeshafunga jiko. Jingine la kukumbuka hilo: baada ya saa nane na nusu mchana hupati chakula cha mezani hadi saa moja jioni. Lakini chini ya matao ya Sottoripa, mkabala na bandari ya kale, kuna vibanda vya kukaangia samaki na tanuri za *farinata*. Hiyo ni unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, humiminwa kwenye sinia la shaba pana kama gurudumu la lori na kuokwa kwenye tanuri ya kuni. Hutoka kwa juu imebabuka, ndani laini, nao hukukatia kipande kwenye karatasi na kunyunyiza pilipili manga. Yuro chache na umeshiba. Kwa Waislamu ni chakula cha amani. Mkate wao wa *focaccia* kwa kawaida hutengenezwa na mafuta ya zeituni, lakini ami alinifundisha kuuliza neno moja kabla ya kununua: *strutto*, yaani mafuta ya nguruwe. Wakitikisa kichwa, nunua. Na ukikaa kwenye mkahawa, usishangae kuona *coperto* kwenye hesabu, ni malipo ya kiti na mkate, yuro mbili au tatu kwa kila mtu. Kahawa inywe umesimama kaunta kama wenyewe. Ukikaa inapanda bei.

Usiku ule niliichana orodha. Kwa Jumanne nikabakisha vitu vitatu.

Cha kwanza kilinihusu kikazi. Mbele ya bandari ya kale lipo jengo lililochorwa ukutani picha kubwa za rangi, Palazzo San Giorgio. Upande wake wa zamani ulijengwa mwaka 1260, na baadhi ya mawe yake yalisafirishwa kutoka jengo la Waveneti, watu wa Venisi, lililobomolewa Konstantinopoli, Istanbul ya leo. Wagenova na Waveneti, mahasimu wa biashara, hawakuachiana hata tofali. Kuanzia 1407 ikawapo Benki ya San Giorgio, moja ya benki za kwanza kabisa Ulaya, iliyokusanya ushuru kulipia madeni ya serikali. Na leo? Ni ofisi ya mamlaka ya bandari. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Zaidi ya miaka mia saba na bado watu wanaingia na mafaili wakitoka wamenuna, kama kwetu. Barabara ya juu iliyojengwa miaka ya 1960 inapita mbele yake na malori hayaishi kunguruma, kwa hiyo usitarajie utulivu.

Husimuliwa kwamba katika jengo hilo ndimo alimofungwa Marco Polo, msafiri wa Venisi, baada ya Wagenova kuwashinda Waveneti vitani mwaka 1298, na kwamba gerezani Genova alimhadithia mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa, habari za safari zake zikaandikwa. Na humo ametutaja. Anasema juu ya kisiwa cha Zanghibar chenye mzunguko wa maili elfu mbili, watu wake majitu ambao mmoja hubeba mzigo wa watu wanne na hula chakula cha watu watano. Wengi wanaamini hakuwahi kufika huku, alisikia kwa mabaharia. Mimi niliwafikiria makuli wa Kilindini ninaowajua kwa majina, magunia mgongoni tangu alfajiri. Mzigo wa watu wanne, labda. Chakula cha watano nani aliwapa?

Cha pili, kanisa kuu la San Lorenzo, lenye mistari ya mawe meusi na meupe. Ndani, upande wa kulia, limewekwa kombora kubwa. Tarehe 9 Februari 1941 manowari za Uingereza ziliupiga mji kwa mizinga, kombora hilo likatoboa kanisa na halikulipuka. Nilichokuja kukitazama mimi lakini kilikuwa chini, kwenye hazina ya kanisa: Sacro Catino, sahani kubwa ya kijani yenye pembe sita. Wagenova waliileta kutoka Kaisaria baada ya kuuteka mji huo mwaka 1101, na kwa karne nyingi waliamini ni zumaridi tupu na kwamba Nabii Isa aliitumia usiku wa mwisho. Napoleon akaichukua Paris, ikarudi imevunjika, kipande kimoja hakipo. Ni kioo. Kioo cha mafundi wa nchi za Kiislamu, cha karne ya tisa au ya kumi hivi. Nilizunguka kile kisanduku mara tatu. Mlinzi akadhani nimepoteza kitu.

Cha tatu ni Palazzo Rosso, safari hii liko wazi. Picha za kuchora ziko nyingi na mimi si mtu wa picha, nizipite. Kilichonipendeza ni utaratibu wenyewe wa majumba hayo. Mwaka 1576 serikali ya Genova iliandika orodha ya majumba ya kifahari, *rolli*, yaliyopangwa kwa madaraja, na mgeni wa dola akija, kura hupigwa kujua ni tajiri gani atamlaza, kwa gharama yake mwenyewe. Mfalme alipewa daraja la juu, balozi mdogo la chini. Majumba 42 ya namna hiyo yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006. Nikamkumbuka mjomba wangu kila wageni wa harusi wanapokuja kutoka Lamu, anavyojifanya mgonjwa kura ikimwangukia.

Jioni kabla ya kurudi niliingia Commenda di Prè, jengo la mawe la mwaka 1180 lililokuwa hospitali na malazi ya mahujaji wa kwenda Yerusalemu. Tangu 2022 ni makumbusho ya Waitalia waliohama nchi yao. Hilo halikuwa kwenye mpango, ami ndiye aliyelitaja. Niliona makaratasi, pasi, picha za familia zimekaa juu ya mizigo gatini zikisubiri meli ya Ajentina. Wengi wa watu wale walipandia bandari hiihii. Mama mmoja pichani alikuwa ameshika karatasi zake kifuani kwa mikono yote miwili, vilevile nilivyoshika faili langu la viza kwenye foleni Nairobi. Ukitoka mlangoni uko Via di Prè, na vijana wa Gambia na Senegali wamesimama na begi zao. Sikukaa sana. Kuna mambo yakikaribiana mno hayatazamiki.

Jumatano, treni yangu ilikuwa saa sita kasoro. Nikaacha sanduku kwa mwenye chumba, nikafuata nusu ya pili ya maneno ya ami: nikapanda. Kuna lifti ya zamani, imejengwa ndani ya mlima, inayokutoa katikati ya mji hadi uwanja wa Castelletto. Kibanda chake cha juu kina vioo vya mtindo wa miaka mia moja iliyopita. Kama una saa moja tu Genova, fanya hilo, acha mengine yote.

Huko juu mji wote uko miguuni. Mapaa ya ardesia rangi ya kijivu, mnara wa San Lorenzo, winchi za bandari, na kule mwisho Lanterna, mnara wa taa wenye urefu wa mita 77 ambao umesimama kwa umbo hilo tangu 1543. Nikampigia shoga yangu kwa video. Swali lake la kwanza, hata salamu hakungoja: "Ulipotea?"

Nikaigeuza kamera. "Niambie wewe. Nionyeshe kichochoro hata kimoja."

Akatazama kwa muda mrefu. Mapaa yalikuwa yamekaribiana kiasi kwamba hakuonekana mtu, wala njia, wala mlango. "Mbona havipo?" akasema.

Nilishuka kwa miguu, bila simu, kwa mteremko. Nilitokea Sottoripa, mbali na nilikodhani, lakini bahari iko mbele yangu. Nikanunua farinata ya njiani, nikafuata sanduku. Stesheni nikaitia tiketi kwenye kimashine, nikautazama muhuri, kisha nikaitia tena.